Jirani yangu harudishi sahani tupu

Salaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama mwenye watoto, naishi Kibokoni, Mji wa Kale, hapa Mombasa. Nakuandikia kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini linaninyima raha, hasa sasa Ramadhani inapobisha hodi.

Kwetu, kama ujuavyo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mbaazi leo, kesho bakuli litarudi na chochote kile: kaimati, mhogo wa nazi, hata ndimu mbili tatu. Nimekua nikiyaona hayo kwa mamangu na nayapenda. Ndiyo yanayotufanya watu wa kichochoro kimoja tujuane.

Jirani yangu wa mlango wa pili alifiwa na mumewe mwaka jana. Alipokuwa eda, ile miezi 4 na siku 10, mtaa mzima tulimpikia na hakuna aliyehesabu. Eda ilipokwisha wengine waliacha. Mimi nikaendelea, maana najua anavyopata riziki yake. Anashona kofia za viua, na kofia moja ya mkono humchukua wiki kadhaa kabla haijauzika. Watoto wake bado wadogo. Basi kila nikimpelekea sahani, hurudi imejaa.

Juzi nilikuwa dukani nangoja unga. Binti yake, wa miaka minane hivi, akaja na kijikaratasi. Mwenye duka akakisoma, akafungua daftari la madeni, akaandika, kisha akampimia nusu kilo ya mchele na sukari robo, akampa na nazi moja. Mtoto akaibana nazi kwapani, vile vingine akavikumbatia kifuani, akaondoka. Kesho yake jioni mlango ukabishwa. Ni yule yule mtoto, sahani yangu mikononi, ndani yake vibibi vya moto, vile vya mchele na nazi, vimefunikwa kawa. Shangazi, vilinikwama kooni. Nampelekea samaki apunguze gharama, kumbe kila sahani yangu inamzidishia deni.

Nikajaribu kumpelekea chakula kwenye mikebe ya kutupa, ili pasiwe na chombo cha kurudisha. Haikupita muda akaja mwenyewe, amejitanda leso, akaniuliza taratibu: "Mwenzangu, kuna sahani yako nimeivunja?" Nikakosa la kumjibu. Nikamwagiza kofia ya mume wangu, nikamlipa zaidi ya bei. Akanirudishia chenji yote.

Mume wangu ana rai yake. Zaka yetu ya mwaka huu, ile asilimia 2.5 ya akiba, bado hatujaitoa, na si lazima mtu aambiwe kwamba anachopewa ni zaka. Ama, anasema, tukalipe lile deni la dukani kimya kimya. Lakini mwenye duka hana siri, na mitaa yetu unaijua ilivyobanana, dirisha latazamana na dirisha. Habari itamfikia kabla ya adhana ya isha. Mavyaa, mamake mume wangu, naye hataki hata kusikia. Anasema yule mama anaporudisha sahani ndipo anapokuwa sawa na sisi, na siku tukimzuia tutakuwa tumemfanya maskini wetu. Naona mavyaa ana haki, na hapo ndipo ninapotatizika zaidi, kwa sababu daftari nalo linazidi kujaa.

Ramadhani ikiingia, futari hupelekeana kila jioni. Siwezi kumruka, na nikimpelekea najua atakwenda kukopa mwezi mzima. Nimewaza kumwomba tupike pamoja, vitu vitoke kwangu na mkono uwe wake, kwani kwa vibibi mtaani hakuna amshindaye, kisha tugawane kila mtu apeleke kwake. Ila naogopa ataona nimemgeuza mpishi wangu.

Nifanyeje, Shangazi? Nimwambie wazi kwamba nimeliona lile daftari, au nitamvunjia stara? Na nyinyi wasomaji mliowahi kupelekewa sahani ilhali ndani hamna kitu, mlitamani jirani yenu afanye nini?

Mama wa Kibokoni,
Mombasa