Utaridi nayo hupambazukiwa

Ndugu Mhariri,

Makala ya sayari katika toleo lililopita ilisema Utaridi (Mercury), sayari iliyo karibu zaidi na Jua, huligeuzia Jua upande mmoja daima, kama Mwezi unavyotugeuzia sisi. Kauli hiyo ilikufa mwaka 1965, naomba isahihishwe. Simlaumu sana mwandishi wenu, maana walioizaa walikuwa mafundi wa kutazama.

Utaridi haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 28 hivi. Anayeitafuta kwa macho huipata chini kabisa angani, kwenye wekundu wa machweo au wa alfajiri, kisha imekwenda. Wagiriki wa kale waliipa majina mawili, Apollo ya asubuhi na Hermes ya jioni. Pierre Gassendi alipoiona ikipita mbele ya Jua mjini Paris, tarehe 7 Novemba 1631, kama mwanafalaki Kepler alivyokokotoa, mwanzoni alidhani ni doa tu la Jua, kwa udogo wake.

Mwanafalaki Mwitaliano Giovanni Schiaparelli aliamua kuitazama mchana kweupe, ikiwa juu, akiwa Milan. Mwaka 1889 akatangaza kwamba hujizungusha mara moja kwa siku 88, sawa na mwaka wake, yaani upande uleule hulielekea Jua daima. Eugène Antoniadi, mwenye darubini kubwa ya Meudon, karibu na Paris, akamuunga mkono kwa ramani yake ya 1934. Nani angebisha?

Ilibisha rada. Gordon Pettengill na Rolf Dyce walirusha mawimbi ya redio kutoka kituo cha Arecibo, Puerto Rico, na mwangwi uliorudi ukaonyesha siku 59. Giuseppe Colombo akang'amua kuwa hiyo ni theluthi mbili ya 88: sayari hujizungusha mara tatu kila inapolizunguka Jua mara mbili.

Mtego ulikuwa hapa. Nafasi nzuri ya kuitazama hurudi kila baada ya siku 348 hivi, na Utaridi ikijizungusha mara sita zinapita siku 352. Mtazamaji huletewa karibu uso uleule, madoa yaleyale. Schiaparelli hakuota, alichora alichokiona! Hata chombo cha Mariner 10, kilichopita huko mara tatu mwaka 1974 na 1975, kilikuta upande uleule ndio wenye mwanga, kikapiga picha chini ya nusu ya sayari. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilingoja chombo cha MESSENGER, kuanzia 2008.

Mkisahihisha, ongezeni na hili: toka macheo hadi macheo, siku moja ya Utaridi ni siku 176 za kwetu, yaani miaka yake miwili.

Msomaji wenu wa siku nyingi