Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti: X11, Wayland na Dodoso Lijalo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu mjadala wa X11 na Wayland, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini ya Linux (X11 ni ya zamani, Wayland ndiyo mrithi wake), umebadilika: sasa swali ni X11 imebakiwa na muda gani. Red Hat Enterprise Linux 10 ilitoka Mei bila seva ya Xorg (programu inayoendesha X11), Ubuntu 25.10 ikaondoa kipindi cha eneokazi la GNOME juu ya Xorg (kipindi ni kile unachoingia unapofungua akaunti yako), na KDE imetangaza kwamba eneokazi lake, Plasma 6.8, litakuwa ya Wayland pekee.

Wengi hawakuichagua Wayland. Walisasisha mfumo, wakaikuta, kama ilivyotokea kwa watumiaji wa GNOME kwenye Fedora 25 mwaka 2016. Ndiyo maana kuhesabu vipindi peke yake kunapotosha: ndani ya kipindi cha Wayland, programu kadhaa bado hupitia XWayland, daraja linaloendesha programu za X11 ndani ya Wayland. Katika dodoso lijalo tunaomba majibu mawili: amri `echo $XDG_SESSION_TYPE` (aina ya kipindi chako) inasema nini, na amri `xlsclients` (orodha ya programu zinazotumia X11) inataja programu zipi ukiwa umefungua zote unazozitumia kila siku. Majina kama gsd-xsettings na ibus-x11 ni ya mfumo wenyewe, msiyahesabu.

Lalamiko kubwa limebaki kwenye kushiriki skrini. Chini ya X11 programu yoyote iliweza kusoma skrini nzima na kila kitufe unachobonyeza. Wayland imeufunga mlango huo, na kwa maoni yangu ilikuwa lazima. Sasa zinahitajika PipeWire (inayosafirisha picha na sauti), xdg-desktop-portal (inayokuomba ruhusa kwanza) na kijalizo chake kinacholingana na mazingira yako: -gnome, -kde au -wlr. Mwenzako akiona weusi mtupu, kagua kijalizo hicho kwanza, kisha uangalie kama programu yenyewe imo kwenye orodha ya `xlsclients`, kwani ikiwa imo, huenda ikaona madirisha ya X11 tu.

Wenye kadi za NVIDIA, madirisha ya XWayland yakimetameta tumieni kiendeshi (driver) cha NVIDIA 555 au kipya zaidi pamoja na XWayland 24.1. Amri `sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset` ikitoa N, ongezeni `nvidia-drm.modeset=1` kwenye vigezo vya kerneli, kisha washeni upya. Kadi zilizoishia kiendeshi 470 hazina GBM, njia ya kutenga kumbukumbu ya picha ambayo mazingira mengi ya Wayland huitegemea, kwa hiyo msizilazimishe kutumia Wayland. Eneokazi la Xfce juu ya X11 linazifaa vizuri, na wenye kadi hizo tunawahitaji kwenye dodoso kuliko wote.