Barua ya wazi kwa Waziri: pensheni ya mwezi itajwe kabla ya mkupuo

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya serikali hapa Tanzania, na mwakani natimiza miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Wa lazima ni 60. Miaka mitano iliyo katikati ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mwezi uliopita tulihudhuria semina ya wastaafu watarajiwa. Mwezeshaji alianza na mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, akamalizia na mkupuo. Alipoandika ubaoni kwamba mtumishi wa mfano wake ataondoka na milioni 31, ukumbi mzima ukatulia. Jirani yangu, ambaye nyumba yake imekwamia kwenye lenta, akageuza ratiba na kuanza kupiga hesabu ya mabati na mbao. Pensheni ya mwezi ilitajwa wakati watu wameshapanga foleni ya kusaini posho. Wiki iliyofuata jirani yangu akaandika barua ya kustaafu kwa hiari.

Hakudanganywa. Kila namba ilikuwa sahihi. Nilirudia mfano ule ule nikiwa ofisi ya walimu, nyuma ya karatasi ya maksi. Wastani wa mshahara ni milioni moja kwa mwezi, miaka ya kuchangia ni 25. Kwa kikotoo chetu, kila mwezi wa kuchangia unampa 1/580 ya mshahara wa mwaka, na jumla yake ndiyo pensheni ya mwaka. Asilimia 40 ya pensheni hiyo inazidishwa kwa 12.5 kuwa mkupuo, na asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12. Anapata kama milioni 31 taslimu na shilingi 310,000 kila mwezi. Akibaki kazini hadi 60, hata mshahara usipopanda senti, mkupuo unakuwa milioni 37.2 na pensheni 372,000. Ni elfu 62 za nyongeza kila mwezi mpaka anaingia kaburini, mbali na mishahara ya miezi 60. Mwezeshaji hakuandika mstari huo wa pili ubaoni.

Sisemi kila mtu angoje 60. Wapo walimu ambao magoti hayawaruhusu tena kusimama vipindi sita kwa siku, na mtu mgonjwa ana kila sababu ya kuchukua chake mapema. Ila aondoke akiwa ameona mistari yote miwili.

Na tatizo halikuanzia ukumbini kwetu. Tangu 2018 tunabishana kwa asilimia za mkupuo tu: 25 iliyozua zogo mpaka ikasitishwa, 33 ya mwaka 2022, kisha 40 iliyotangazwa 2024. Ile 40 tuliishangilia, mimi nikiwemo. Sikumsikia hata mmoja akiuliza upande wa pili, ule wa pensheni ya mwezi, umebaki ngapi. Umetoka asilimia 67 ukawa 60. Kwa mtumishi wetu wa mfano anayestaafu na miaka 30 ya kuchangia, pensheni ya mwezi imeshuka kutoka kama 416,000 hadi 372,000. Huenda wengi bado wangechagua mkupuo mnono. Wangeulizwa, basi.

Wamarekani waliwahi kupita hapa. Kwao mtu anaweza kuanza kuchukua mafao ya uzeeni akiwa na miaka 62 au akasubiri hadi 70, na kila mwezi anaosubiri unaongeza malipo. Kwa miaka mingi, maofisa wao walikuwa wakimpigia mwombaji hesabu ya umri ambao atakuwa amefidia alichokikosa kwa kusubiri, kana kwamba kufa kabla ya hapo ni hasara ya biashara. Hesabu hiyo waliiacha mwaka 2008. Baadaye watafiti Jeffrey Brown, Arie Kapteyn na Olivia Mitchell walilijaribu jambo hilo kwa kuwapa watu taarifa zile zile kwa maneno tofauti. Walioelezwa kwa hesabu ya kufidia walisema wangechukua mapema zaidi. Walioelezwa kusubiri kama faida walikuwa tayari zaidi kungoja.

Ombi langu ni karatasi moja, Mheshimiwa. Kila mtumishi anayefikisha miaka 54 apewe taarifa yenye jina lake na mistari mitatu: akiondoka na 55, akiondoka na 58, akiondoka na 60. Pensheni ya mwezi iandikwe kwanza, mkupuo ufuate, kwa herufi za ukubwa ule ule. Michango yetu na tarehe zetu za kuzaliwa mnazo tayari.

Barua ya jirani yangu bado iko kwa mkuu wa shule, haijapelekwa halmashauri. Nimemwomba asubiri kidogo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati