Usimuuze Tausi kwanza

Mama Upendo mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka Tengeru. Sisi wazima, mahindi ndiyo hivyo tena, mengine nitakusimulia Desemba tukipanda huko. Naandika mbiombio maana Eliya anakuja Machame kesho asubuhi.

Mama Neema kaniambia unataka kumuuza ng'ombe wako Tausi kwa mchinjaji. Eti amekuwa mkaidi, anasimama usiku kucha, maziwa yameshuka, na sasa anachechemea. Mwenzangu, usipokee hela ya mtu! Nenda bandani mchana akishakula, umtazame tu. Amelala anacheua? Au miguu ya mbele ameipandisha kwenye chumba cha kulalia, ya nyuma ameiacha kwenye mavi? Kama ni hivyo, huo si ukaidi. Malazi yamemshinda.

Ng'ombe wa maziwa anataka kulala jumla ya saa 12 hivi kati ya 24. Akikosa pakavu na laini atasimama, na kwenye zege uzito wote unaelemea kwato, hasa ukucha wa nje wa mguu wa nyuma. Hapo hapo mavi na mkojo vinazilainisha. Tena kidonda cha unyayo hakitokei siku moja. Huweza kupita wiki nyingi ndipo uone anachechemea. Kwa hiyo mwache kijana wako, usimsingizie kuwa alimpiga jiwe. Ile zege mpya si mlimwaga masika? Haya.

Halafu hicho chumba chenyewe. Ng'ombe huinua makalio kwanza, huku akisukuma kichwa mbele. Ukuta ukiwa puani atanyanyukaje? Mzee Shoo fundi wenu namjua, alipima kwa ng'ombe wa kienyeji. Hata kitanda chake miguu inaning'inia.

Bibi zetu walifuga ndani ya nyumba na bado waliwatandikia majani makavu. Sisi tumepata saruji, tukaona matandiko ni ushamba.

Mwambie Shoo abomoe hapo mbele, wewe mwaga maranda ya kutosha, mavi yakwanguliwe asubuhi na jioni. Daktari wa mifugo amkate kwato na kutazama unyayo. Mrututu, ile dawa ya bluu ya kuoshea kwato, usiukimbilie, huo unasaidia ngozi ya katikati ya kwato, kidonda cha unyayo hauponyi. Na lile la kwamba humwoni akiwa kwenye joto, yaani akitaka dume… ng'ombe anayeumwa miguu, juu ya sakafu inayoteleza, atampandaje mwenzake? Ndiyo maana nasema usimuuze. Ukileta mwingine kwenye banda hilo hilo, mwakani utanililia tena.

Kwato zilikatwa lini mara ya mwisho? Pumba unampa kiasi gani, umeongeza tangu azae? Yule mtamba naye anasimama hivyo hivyo? Na Upendo, matokeo yametoka? Mbona kimya? Nijibu kwa Eliya, anarudi Jumapili. Sufuria langu nalo mpe huyo huyo.

Wako,
Mama Grace