Salamu za Noeli kutoka Moshi: kile kiti cha mwaka jana

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya Noeli kwenu nyote, mlio bado huko mlikokwenda kutafuta maisha na mliokwisha kupanda mlima.

Hapa Moshi watu wameanza kuingia. Stendi haipitiki kwa mabegi, na barabara za Kibosho, Uru na Marangu zimejaa magari yanayopanda taratibu kwenye tope la vuli. Watoto wa kijijini wamekaa kingoni mwa barabara wanasoma namba za magari: hili D la zamani, hili E jipya. Namba E ikipita, mwenye D aliyetamba jana anaenda kuegesha nyuma ya migomba. Nayajua hayo, maana mwenye D ni mimi.

Ila kisa changu ni cha kiti. Mwaka jana, siku moja baada ya Noeli, kaka yangu alimfanyia binti yake sherehe ya kipaimara. Nilikuwa nimechanga, tena si haba. Nikakaa chini ya turubai nikisubiri MC aniite meza kuu. Akaita wajomba, akaita wazee wa kanisa, akamwita hadi fundi aliyepaua nyumba. Mimi, kimya. Pilau niliila sahani ikiwa magotini, mchuzi ukanidondokea kwenye suruali mpya. Keki haijakatwa nikawasha gari, nikaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo mimi na kaka tunasalimiana kwa vidole gumba kwenye kundi la ukoo.

Juzi nikafungua Luka 14, pale Yesu anapowatazama wageni wakichagua viti vya mbele karamuni. Somo hilo nalijua tangu mafundisho ya kipaimara. Safari hii nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Tukisikia kiburi tunawaza wakubwa: Nebukadreza anayejisifia Babeli aliyoijenga, kisha anaishia kula majani kama ng'ombe. Yeye angalau alikuwa na Babeli. Mimi nilikuwa nagombea kiti cha plastiki.

(Wazee wa kanisa mniwie radhi, lakini hata ule utaratibu wa kusoma majina ya watoaji, kuanzia wa kiasi kikubwa kushuka chini, unatulea vibaya.)

Halafu kuna Herode. Kilometa kama 5 hivi kutoka Bethlehemu alijenga ngome juu ya kilima, akaipa jina lake mwenyewe. Kilima kile kinaonekana kutoka Bethlehemu, kama sisi tunavyoiona Kibo asubuhi mawingu yakifunguka. Juu kule, mfalme na bafu zake za kifahari kwenye nchi kame. Huku chini, mtoto kalazwa horini. Na hadi leo Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana lina mlango wa mawe wa kimo cha sentimita 120 hivi. Ulipunguzwa zamani, wanasema ili watu wasiingie wamepanda farasi. Rais akija anainama. Askofu naye anainama, na kofia yake.

Mlango wa namna hiyo naujua. Jiko la bibi yangu unaingia kwa kutanguliza kichwa, moshi unakupokea machoni, na bibi anauona utosi wako kabla ya uso. "Shikamoo bibi." "Marahaba, umefika? Kaa hapo." Hapo ni kigoda kilichopinda mguu, ukikaa magoti yanagusa kidevu. Nimekaa hapo miaka yote na sijawahi kuwaza nani kakaa wapi.

Basi nimeshachuma isale, jani letu Wachaga la kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nimelifunga kwenye kitambaa kibichi lisinyauke. Ninyi wa huku mnajua: ukiletewa jani hilo hukatai, hata kama moyo bado unachemka. Wa mbali mtaniamini tu. Asubuhi ya Noeli, tukitoka ibadani, nashuka nalo kwa kaka kwa mguu. Gari litabaki kwa bibi.

Nawatakia Noeli yenye amani na mwaka mpya wenye afya, nyama na mvua ya kiasi. Na wewe kaka, ukiusoma ujumbe huu kabla sijafika, usihangaike na viti. Pombe ya mbege nabeba mimi.