Salamu za Krismasi kutoka Maseno, zimechelewa kidogo

Ndugu, jamaa na marafiki,

Heri ya Krismasi! Najua leo ni tarehe 27. Subirini kwanza kabla hamjanisema.

Kuna jambo linalonifariji. Wapagani wa siku hizi wa Uingereza na Marekani (wenyewe hujiita hivyo kwa fahari) wana mzaha kuhusu "saa za Kipagani". Ukiambiwa ibada ni saa moja jioni, ukifika saa mbili utawakuta bado wanatafuta kiberiti cha kuwashia mishumaa. Hao ni watu ambao sikukuu zao hufuata jua! Mimi nawasamehe. Pale Stonehenge, kwenye duara la mawe ya kale huko Uingereza wanakokusanyika, siku iliyo fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, jua lenyewe huchomoza saa mbili imeshapita. Mgeni rasmi akilala hadi saa hizo, wewe wa kumpokea utaharakia nini?

Sisi wa Maseno tutasingizia nini? Ikweta imepita hapa hapa, na jua hutoka saa kumi na mbili na nusu hivi, Januari hadi Desemba. Hata saa zetu tunazihesabu kuanzia kucha. Basi mjomba aliambiwa chakula ni saa saba mchana. Saa tisa nikampigia simu.

"Niko Kisian, nakaribia!"

Nyuma ya sauti yake nikasikia maji yakimwagika kwenye karai, na jogoo wa jirani yake, ambaye namjua kwa kuwika. Alifika taa zimeshawashwa, kuku kwapani. Huyo ndiye aliyekuwa kitoweo cha mchana. Watoto walishalala mkekani, wameshiba chapati na kabichi.

Nyanya alicheka mpaka leso ikamdondoka. Akasema wamisionari walipofungua misheni hapa mwaka 1906, wazee wetu waliitwa wapagani. Hawakuwa na saa hata moja nyumbani, lakini mvua ya Machi iliwakuta wameshalima. "Nyinyi mna saa ukutani, saa mkononi, saa kwa simu..." Hakumalizia. Aliagiza maji ya kunyonyolea yachemshwe.

Tulikula saa tano usiku, na kusema kweli kuku alikuwa mtamu. Ndiyo maana salamu zimefika leo.

Mwaka Mpya tunakutana hapa hapa, saa saba mchana. Mjomba, wewe ni saa nne asubuhi.