Ukuta wa Keaton

Binti yangu mpendwa,

Jibu la swali lako nimelichelewesha kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kwanza nikitazame tena kile kipande ulichonitumia, cha mtu aliyesimama huku ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukimwangukia, naye akabaki wima kwa sababu kidirisha cha juu kilimpitia pale pale alipo. Uliuliza kama ni kazi ya kompyuta. Hapana, mwanangu. Filamu hiyo, Steamboat Bill, Jr., ni ya mwaka 1928, mtu yule ni Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, na ukuta ule ulianguka kweli.

Mimi niliyeshika timazi maisha yangu yote sikuwahi kucheka hapo. Macho yangu huenda chini ya ukuta. Kitu kizito kilichofungwa bawaba msingini hakina hiari, kitaanguka kwa njia ile ile, kwa hiyo ukipima kutoka msingini hadi ukingo wa chini wa dirisha, umejua visigino visimame wapi. Lakini kichwa kiko juu ya miguu, nacho hukutana na ukuta ungali hewani, karibu na ukingo wa juu wa dirisha, na hicho ndicho kipimo ambacho fundi mwenye haraka angekisahau. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya inchi chache tu. Watu husifu ujasiri wake. Mimi nausifu utepe wake wa kupimia.

Usidhani ilikuwa bahati ya siku moja. Katika Sherlock Jr. ya mwaka 1924 anaingia ndani ya picha ya sinema, na mandhari yanabadilika huku yeye akiendelea na alichokuwa akifanya: anajirusha kutoka kwenye jabali la baharini, anaangukia theluji. Ili mwili wake usirukeruke kati ya picha moja na nyingine, walipima umbali wake na kamera kwa vyombo vya wapima ardhi. Wengi humpenda Chaplin zaidi, nami sibishani nao, ila Chaplin hunigusa moyo, na Keaton hunifanya nitake kalamu na karatasi.

Halafu kuna The Playhouse ya mwaka 1921, ambamo Keaton 9 wamekaa safu moja jukwaani. Wamejipaka weusi usoni kwa mtindo wa Marekani ya siku zile wa kuwadhihaki watu weusi, jambo linaloniudhi hadi leo, lakini ufundi wenyewe utazame. Mpigapicha Elgin Lessley aliifunika lenzi, akaacha mwanya mmoja, akapiga, akaurudisha mkanda nyuma, akaufunga mwanya ule na kufungua wa pili, Keaton akiwa amehamia nafasi nyingine, na hivyo hadi mara 9. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na mkono ukichelewa kidogo tu katika kupiga mara ya saba, picha sita zilizotangulia zimeharibika.

Wako,
Baba